Uji wa Koko kwenye Kilomita ya Thelathini

Riziki mwanangu,

Nimefunga mlango wa jikoni, na atakayegusa kitasa kabla sijamaliza atanijua. Ni saa mbili za jioni, jua la Agosti bado liko juu ya mapaa ya Ixelles, hapa Bruxelles, wewe uko chumbani umekalia sanduku ili lifungike, na mimi nina hasira. Nakwambia mapema usije ukasoma mpaka mwisho ukitafuta maneno matamu.

Habari za soksi nzito na simu za Jumapili sitaziandika. Montréal unakokwenda ina baridi yake, mtajuana huko. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema leo mchana mezani, ukiwa unanyonya mfupa wa samaki, bila hata kuinua macho.

"Maman, koko asikuje ku Zaventem, kule ku ndege. Copines zangu, wale tunasafiri nao, watakuwa pale na wazazi wao. Atatusikilisha haya."

Koko, bibi yako na mama yangu, alikuwa sebuleni, hatua nne kutoka hapo, na mlango ulikuwa wazi. Nilisimama nikaanza kuosha sahani iliyokuwa safi tayari, na wewe ukadhani nimekubali.

Atatusikilisha haya, yaani atatuaibisha. Ungesema "atanisikilisha haya", ningekuchapa kwa ulimi palepale tukamaliza. Lakini ulisema "atatu", ukanitia na mimi ndani. Ulinitia na mimi kwa sababu unajua unachokijua, na tangu siku ile hatujawahi kukitaja. Basi leo nakitaja, na kwa maandishi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Bukavu, mkono wangu unaandika Kiswahili cha ubaoni hata kama mdomo umebaki wa mtaa wetu wa Kadutu. Unisome vizuri.

Habari za mashindano yangu unazijua jinsi ninavyozisimulia kanisani: mama wa Kivu, miaka arobaini na tano, aliyeogelea karibu kilomita nne, akapanda baiskeli kilomita cent quatre-vingts, mia na themanini, kisha akakimbia marathoni nzima, yote katika siku moja, akarudi na medali. Watu wanapiga makofi. Habari hiyo nimeichambua miiba yote. Leo nakupa samaki na miiba yake.

Ilianza na Monsieur Gérard. Unamkumbuka, yule mzee wangu wa Ganshoren, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Alikaa Bukavu miaka mingi kabla ya uhuru, akijisifu kwamba anajua Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu: leta, funga, pika, kwenda. Kila asubuhi nilimwosha mgongo, na kila asubuhi aliniambia "weye". Siku moja mwenzangu Annick, muuguzi anayependa michezo hiyo, alibandika tangazo la mashindano kwenye ukuta wa jiko letu. Mzee akaniona nimesimama nalisoma. Akacheka mpaka akakohoa.

"Weye hapana jua kuogelea. Watu ya kule nazama sawa jiwe. Mimi naona."

Aliona wapi? Walikuwa na piscine yao pale Bukavu, bwawa la kuogelea la maji ya buluu, na sisi tulikatazwa hata kuegemea uzio wake. Unamfungia mtu mlango miaka yote, kisha unasema hujawahi kumwona ndani. Na sisi tulikuwa na ziwa zima, Riziki. Koko alikuwa akishuka ziwani kufua, ananiita, ananilaza juu ya maji, mkono wake mmoja chini ya tumbo langu. "Piga miguu," anasema, "mimi niko." Siku moja nilipiga miguu nikageuka nyuma kumtazama, nikakuta yuko mbali, mikono yote miwili hewani. Nilikuwa na miaka sita. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na aliyenifundisha ni huyohuyo unayetaka abaki nyumbani kesho.

Nikajiandikisha kwa hasira. Usiamini mtu anayekwambia hasira haiwezi kufanya kazi, yangu ilifanya kazi mwaka mzima. Kwenye piscine ya mtaa mwalimu alinitazama, akaenda kwenye kabati, akanirudia na ubao wa povu wenye picha ya bata. Nikamshukuru, nikauweka chini, nikaruka ndani nikaenda urefu ishirini bila kusimama. Alipokuja kunipongeza nilikuwa nimeshakasirika kiasi kwamba sikumsikia. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa juu ya baiskeli aliyoniazima Annick, kutoka Ixelles mpaka Ganshoren, mvua ikinipiga usoni. Gurudumu likaingia katika reli ya tram, nikaanguka mbele ya watu wanaosubiri, hakuna aliyetikisika. Nikainuka nikaenda kazini na goti linalovuja damu. Jumapili wamama wa kanisa wananisubiri mlangoni: "Maman Riziki, tunasikia unazungukaka juu ya kinga na chupi." Baiskeli ni kweli, lakini chupi ilikuwa kaptula ya kuiendeshea, nyeusi, mpaka gotini. Nikawaambia waniombee, basi, kama wanaona miguu yangu inawapeleka motoni.

Katikati ya yote hayo vita vilifika Bukavu, na Koko akapotea. Unakumbuka miezi ile, kadi za simu zilizokwisha moja baada ya nyingine, namba zinazolia bila kupokelewa. Nilikimbia katika msitu wa Soignes, kando ya Bruxelles, nikilia, watu wakidhani ni jasho. Koko naye alikuwa msituni, msitu mwingine, siku kumi na saba kwa miguu akielekea Walikale, akilala chini ya turubai na watu asiowajua. Alipofika hapa hatimaye, miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu vya hayati baba yako havikumwingia. Wiki ya kwanza alinikuta nafunga kamba za raba mlangoni.

"Unakimbia nani?" akaniuliza.

"Sikimbii mtu, mama. Najizoeza."

"Hapana muntu nyuma yako?"

"Hapana."

Akafikiri. "Na unawalipa wazungu juu uchoke?"

Nilicheka, na wewe ulicheka. Lakini nilipokuwa nakimbia siku ile swali lake lilinikera. Yeye alitembea siku kumi na saba na hakuna aliyemwekea meza ya maji njiani wala utepe mwishoni. Nilipaswa kurudi nyumbani nikaketi naye. Mimi nikaongeza kilomita tano.

Annick alinieleza sheria, na hapa nisikilize. Katika mashindano yale huruhusiwi kupokea kitu kutoka kwa mtu wa nje, si maji, si ndizi, si hata kitambaa cha jasho. Kuna meza zao, na unachukua mezani tu. Nilishangaa. Kwetu mtoto hateseki mbele ya mama yake, mama akiwa na mikono mitupu. Na mkubwa akikunyooshea kitu kwa mikono miwili, unapokea kwa mikono miwili na goti limekunjika kidogo. Hakuna mjadala. Hata kama umeshiba, unaonja. Sheria gani hiyo inayomweka mama kando ya barabara, mtoto wake anakufa kwa uchovu, na kumwambia atazame tu? Mpaka leo siikubali.

Lakini nilikuwa nimeikubali, nilikuwa nimetia sahihi. Kazi yangu ilikuwa kumwambia Koko. Nikaona haya kumwambia. Ningeanzaje? "Mama, njoo unitazame nikiteseka, na usilete kitu"? Nikasema tu, "Mama, usibebe mizigo." Akaitikia vizuri kabisa, akaficha thermos chini ya kitenge.

Siku ile yenyewe unaijua nusu. Maji ya lile bwawa la milima ya Ardennes yalikuwa baridi ya kuuma meno, na sisi mamia ya watu tukiingia kwa pamoja, viwiko na visigino vinanipiga kichwani. Nikasema moyoni, piga miguu, mimi niko. Nilitoka majini mbele ya wanaume wengi, Riziki, wanaume wenye mabega mapana, na mwamuzi mmoja aliangalia namba yangu mara mbili. Baiskeli ilinitesa. Milima ile haina huruma, upepo haukutoka mbele yangu hata nilipogeuka, na mtambo wa gia wa baiskeli ya Annick ulianza kulalamika kabla ya nusu. Nikafika kwenye kukimbia nikiwa nimebakiwa na saa chache kabla ya muda wa mwisho. Ukipitisha muda ule, hesabu imefutika, mwaka wako mzima umekwenda bure. Kufika kilomita ya trente nilikuwa situmii tena miguu, ilikuwa inanitumia yenyewe. Tumbo lilikuwa limekataa vitu vitamu vya mezani kwao. Nilikuwa naona njia nyembamba, nyembamba.

Na hapo, baada ya kona ya kanisa, Koko yuko katikati ya barabara.

Kitenge cha njano, kofia yangu ya sufu, raba zako za zamani miguuni. Wewe nyuma yake unamvuta mkono, yeye havutiki. Ameshika kikombe kwa mikono miwili. Uji wa mtama, wa moto, na sukari, aliouamkia mapema na kuusafirisha katika treni mbili. Nilisikia harufu yake kabla sijamfikia. Sikufikiri, goti langu likakunjika lenyewe, mikono yangu miwili ikaenda.

"Kunywa, mwana wangu," akasema. "Umekauka."

Kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Sijakitia mdomoni. Pikipiki ikasimama pembeni, mwamuzi akashuka, mtu mwembamba mwenye daftari. Hakunikaripia, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Aliuliza kwa upole kama namjua mama huyu.

"Madame, vous connaissez cette dame?"

Nikamtazama Koko. Nikaona kitenge, kofia, raba zisizolingana na umri, thermos kwapani, na watu wa kijiji kandokando wakitabasamu jinsi wanavyotabasamu. Nikaiona medali. Nikamwona Monsieur Gérard anacheka mpaka anakohoa. Nikasema, "Non, monsieur. Je ne la connais pas." Simjui. Nikarudisha kikombe mkononi mwake, tena haraka, kiasi kidogo kikammwagikia kidoleni.

Nikakimbia. Unaona? Miguu ambayo haikuwapo, ikapatikana. Nyuma yangu nikamsikia Koko anakuuliza, "Amesema nini?" Na nikakusikia wewe, binti wa miaka kumi na saba, unamjibu, "Amesema atakunywa nyuma, koko, akimaliza."

Kilomita kumi na mbili nilizobaki nazo nilikimbia na jibu lako hilo. Ulimfunika bibi yako, na ulinifunika mimi, bila kuambiwa na mtu. Nilijivunia wewe na nikajichukia mimi kwa wakati mmoja. Nikafika kabla ya muda. Wakanivisha medali shingoni, msichana fulani akanibusu mara tatu.

Katika treni ya kurudi wewe ulijifanya umelala. Nilijua hulali, kope zako zilikuwa zinacheza. Koko alichukua medali kifuani pangu, akaipima kwa kiganja, akaigeuza upande wa pili.

"Iko muzuri," akasema. "Ule mwanamuke mwenye hanijue, amekimbia muzuri."

Kifaransa hajui, lakini neno hilo alilijua. Alilisikia kwenye mageti ya wenye nyumba Bukavu tangu msichana, connais pas, connais pas, alipokuja kuomba kazi ya kufua. Akalisikia tena katika umri huu wa uzee, kutoka kwa mtoto aliyemfundisha kuogelea. Akanirudishia medali kifuani, akaangalia nje dirishani mpaka Bruxelles.

Jumatatu nikaipeleka Ganshoren. Niliweka medali juu ya meza ya Monsieur Gérard, karibu na meno yake. Akaitazama. "C'est bien, ma petite," akasema, kama anayemsifu mtoto, kisha akauliza chai yake iko wapi. Basi, ni hivyo tu. Huyo ndiye mtu niliyemwuzia mama yangu. Na Annick, nilipomsimulia nikiwa nimebadilisha majina, alishangaa: kama yule mtu hakunywa, alisema, mwamuzi angemwonya tu, akamwacha aende zake.

Nimekaa na hilo miaka miwili. Sheria niliilaani sana, kwa sababu kuilaani kulinipa nafasi ya kupumua. Lakini sheria ilisema tu nisipokee uji. Haikunituma kusema niliyoyasema. Kulikuwa na maneno mengine, mafupi, hata katika Kifaransa changu cha mtu aliyechoka: ndiyo monsieur, huyu ni mama yangu, na uji wake leo sitaunywa. Yangetosha. Nisingepoteza hata dakika moja. Sikuyakosa kwa sababu ya uchovu, Riziki, nisijidanganye na wewe usinitetee. Niliona haya. Nilimtazama mama yangu kwa macho ya watu wa kandokando ya barabara.

Na baada ya hapo nikakosa mara ya pili. Sikumwomba msamaha. Nilimnunulia koti. Koti zuri, la duka la Chaussée d'Ixelles, lenye vifungo vikubwa. Akalipokea kwa mikono miwili, akakunja goti kidogo, mzee wa umri ule, mbele yangu. Nikatamani ardhi inimeze. Nikasema, "Mama, ukubwa wake ni sawa?" Akasema ni sawa.

Kwa hiyo leo mchana uliposema neno lako, niliinuka kukukemea, nikaishia kuosha sahani. Wazee wetu wanasema mtoto akibebwa hutazama kisogo cha nina yake. Ulikuwa nyuma yangu pale barabarani, na kisogo changu ulikiona chote. Ulinificha siku ile, lakini inaonekana pia ulijifunza. Ningeweza kukuambia kwamba mkataa kwao ni mtumwa, msemo niliouandika ubaoni mara ngapi kwa watoto wa watu. Nani angenisikiliza?

Lakini hasira yangu haijaisha, usidhani kwamba nikijilaumu ndiyo nimekusamehe. Unaona haya ya nini hasa? Ya kwamba anaongea kwa sauti? Sauti hiyo iliita watu gizani msituni, ndiyo iliyomfikisha. Ya kwamba anaketi chini popote? Miguu ile ina haki ya kuketi inapotaka. Ya kwamba atafungua chakula mbele ya marafiki zako? Watakuwa na bahati. Wazazi wao watawapa pesa na busu la shavuni, na hakuna atakayekumbuka, wiki ijayo, ladha ya kitu chochote.

Mimi niliona haya kwa sababu nilitaka watu wasionijua waniheshimu. Nikapata nilichotaka, kutoka kwa wasionijua. Hiyo ndiyo habari yote ya medali yangu. Sikuambii usiwe na haya huko uendako, haya itakuja, itakukuta kwenye kantini, kwenye lafudhi yako, kwenye jina lako wanapoliandika vibaya. Nakuambia tu kwamba swali huja kwa upole, mtu anatabasamu, daftari mkononi, na unakuwa umeshajibu kabla hujajua ni swali gani.

Alasiri ulipotoka kwenda kumuaga mwenzako, Koko aliingia jikoni hapa akaniomba unga wa mtama. Nikamwuliza, mama, umesikia alichosema mtoto? Akasema, "Masikio yangu ni ya zamani. Inachagua." Akaanza kuchekecha unga. Nikachukua kiti, nikaketi karibu naye, na kwa mara ya kwanza nikamwambia: mama, siku ile nilikukana. Aliendelea kuchekecha. Baadaye akasema, "Najua. Nilikuwa pale." Kisha akaniambia nimpe maji, nikampa. Sijui kama huo ni msamaha. Nimeupokea kwa mikono miwili.

Kwa hiyo Koko atakuja Zaventem. Hili sikuulizi, nakuarifu. Atavaa koti lenye vifungo vikubwa na kitenge cha njano chini yake, na atabeba thermos ileile. Utaitambua. Mfuniko wake ulikuwa unapotea kila mara, sasa ameufunga kwa utepe wa rangi tatu, na kwenye utepe inaning'inia medali yangu. Aliitoa mwenyewe katika droo ya bili za gesi, hakuniomba ruhusa. Inagonga bati akitembea, kila mtu atasikia anakuja.

Pale uwanja wa ndege kuna mahali ambapo wasiosafiri wanasimama na wasafiri wanaendelea. Kamba na alama Koko hazijali, wewe unamjua. Utapita na wenzako, yeye atakufuata, kikombe mikononi, na mtu wa sare atamzuia. Kisha atakugeukia wewe, kwa upole, marafiki zako wote wakitazama: "Mademoiselle, vous connaissez cette dame?"

Mimi nitakuwa hatua mbili nyuma, nami sitafungua mdomo. Wangu nilishaufungua.

Mama yako,
Furaha, mtoto wa Koko